Sikio Kwanza, Vidole Baadaye: Mwongozo Kamili wa Kupuliza Jazi kwa Saksafoni

Wanafunzi wengi wa saksafoni hufika mahali fulani wakakwama. Skeli wanazijua, nyimbo za kanisani au za bendi wanazipuliza bila kukosea, lakini wakiambiwa "haya, chukua solo", vidole vinapanda na kushuka kwenye skeli ileile na hakuna kinachosemwa. Wengine hukata tamaa wakidhani hawana kipaji. Wengine husubiri msukumo uje wenyewe siku moja.

Kwa maoni yangu tatizo liko kwingine: vidole vimefundishwa, sikio halijafundishwa. Mpulizaji wa jazi hupuliza anachokisikia kichwani, na kama kichwani hamna kitu, wepesi wa vidole hauwezi kuokoa solo. Kwa hiyo mwongozo huu una kanuni moja inayopita katika hatua zote: imba kwanza, kisha puliza. Ufundi na msukumo hukua pamoja kwa njia hiyo.

Nimemlenga mtu anayeweza angalau kutoa sauti na kupuliza skeli mbili tatu. Kama ndiyo kwanza unashika chombo, kaa kwenye hatua mbili za mwanzo kwa miezi kadhaa, na kama unaweza kumpata mwalimu hata mara moja kwa mwezi, mpate. Bendi za polisi na za jeshi, na vikundi vya matarumbeta vya makanisani, vina watu wanaojua kushika kipulizio mdomoni ipasavyo, hata kama jazi si kazi yao.

Hatua ya kwanza: hakikisha chombo hakikudanganyi

Kati ya aina za saksafoni, anza na alto au tenori. Alto ni nyepesi, haihitaji pumzi nyingi, na ndiyo iliyo rahisi kupatikana. Tenori ina sauti nzito iliyo karibu na ya mwanamume anayeongea. Soprano iache kwanza, kwa sababu ni ngumu kuiweka kwenye sauti sahihi.

Saksafoni nyingi zinazouzwa mitumba huvuja hewa, na mwanafunzi anayepuliza chombo kinachovuja hujilaumu bure. Kabla hujalipa, puliza B flati ya chini kabisa kwa sauti ndogo. Ikitoka bila kulazimishwa, pedi (vile vifuniko vya matundu) zinafunga vizuri. Ikikataa, au ikirukia oktava ya juu, kuna mahali panapovuja. Ili kupajua, chukua kipande chembamba cha karatasi ya sigara, kiweke chini ya pedi moja, funga pedi hiyo kwa nguvu ya kawaida ya kidole, kisha vuta karatasi taratibu. Inapaswa kukwama kidogo. Zunguka ukingo wote wa pedi namna hiyo: pale karatasi inapoteleza bila kizuizi ndipo hewa inapopotelea. Pedi ya G shapu nayo ina tabia ya kunata na kukataa kufunguka, hasa pwani kwenye unyevu, kwa hiyo ifungue kwa kidole kila kabla ya kuanza mazoezi. Ukimaliza kupuliza, pitisha kitambaa ndani ya chombo chote. Usikirudishe kwenye mkoba kikiwa na maji.

Kipulizio, kile kipande kinachoingia mdomoni, kina umuhimu mkubwa kuliko watu wanavyofikiri. Kile kinachokuja na saksafoni ya bei nafuu mara nyingi hakifai. Kwa kuanzia, Yamaha 4C kinatosha, na baadaye, ukitaka sauti pana ya jazi, wengi huhamia Meyer 5 kwa alto au Otto Link kwa tenori. Ridi, ule ulimi mwembamba wa tete unaofungwa kwenye kipulizio, chukua namba 2 au 2.5. Ridi ngumu haikufanyi uwe hodari, inakufanya ubane meno. Kuwa nazo tatu au nne kwa wakati mmoja, zitumie kwa zamu, na kila baada ya mazoezi zifute maji na uzilaze kwenye kibweta chake zikiwa bapa. Ridi iliyoachwa kwenye kipulizio usiku kucha hupinda na kuota ukungu.

Hatua ya pili: sauti yako kabla ya noti zako

Sikiliza Lester Young na Coleman Hawkins, wote wa tenori, wote wa miaka ya 1930. Chombo ni kilekile, lakini Hawkins ana sauti nene yenye mtikisiko mzito, na Young ana sauti nyepesi na laini, kama mtu asiye na haraka ya kumaliza habari yake. Noti moja tu inatosha kukuambia nani anapuliza. Hiyo ndiyo hazina ya kwanza ya mpulizaji wa jazi, na haipatikani kwenye skeli za kasi.

Toa kipulizio kwenye chombo, kipulize peke yake. Kwa alto, sauti inayotoka iwe karibu na A ya kinanda. Kwa tenori, karibu na G. Ikiwa juu zaidi ya hapo, unabana mno kwa meno ya chini. Legeza taya, acha mdomo wa chini uwe mto tu, meno ya juu yatue kwenye kipulizio, na pumzi itoke tumboni. Sasa jaribu kushusha sauti ya kipulizio hichohicho bila kubadili chochote ila koo na ulimi, kama unavyohama kutoka "ii" kwenda "oo". Zoezi hili linakufundisha kwamba sauti inaundwa kabla hewa haijafika kwenye chuma.

Kisha sauti ndefu. Chagua noti ya kati, iimbe kwanza kwa mdomo, halafu ipulize ukianza kimya kabisa, uipandishe hadi iwe kubwa, uirudishe hadi ipotee, bila kuyumba. Shuka nusu noti, rudia. Dakika kumi na tano za namna hii kila siku kwa miezi mitatu zitabadilisha sauti yako kuliko kipulizio chochote cha bei kubwa. Wengi huliruka zoezi hili kwa sababu halina raha. Raha huja pale unapoacha kuhesabu sekunde na kuanza kusikiliza kilichomo ndani ya noti.

Zoezi la tatu ni gumu zaidi, nami naliona la thamani kuliko yote: shika vidole vya B flati ya chini kabisa na, bila kubadili kidole hata kimoja, toa B flati ya oktava ya juu, kisha F iliyo juu yake, kisha B flati nyingine, kisha D. Kinachobadilika ni koo tu. Hutaweza ukijaribu kwa nguvu. Utaweza ukiisikia noti kichwani kabla ya kuipuliza, kwa hiyo iimbe kwanza. Ukishaipata F kwa vidole vya B flati, ipulize na kwa vidole vyake vya kawaida, ulinganishe. Ile iliyotoka kwa koo ndiyo nene. Jitahidi ya kawaida ifanane nayo.

Hatua ya tatu: mwendo wa swingi

Mtu asiyeujua mwendo wa swingi anaweza kupuliza noti zote sahihi na bado jazi isisikike. Kila pigo linagawanywa vipande viwili visivyo sawa: cha kwanza kirefu kidogo, cha pili kifupi. Kadiri wimbo unavyokwenda kasi ndivyo vipande hivyo vinavyokaribiana. Ulimi ndio unaoleta uhai: gusa ridi kwenye kipande cha pili, kisha unganisha kuingia kwenye pigo linalofuata bila kugusa tena. Puliza skeli moja hivyo, taratibu, hadi ulimi usahau kwamba ulifundishwa kugonga kila noti.

Metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, iweke kwenye 60 kwa dakika, lakini usiihesabu kama pigo la kwanza na la tatu. Iwe la pili na la nne. Hapo wimbo wako unakwenda 120 na metronomu inakuwa kama sahani ya mpiga ngoma. Mwanzoni utapotea. Piga makofi nayo huku ukiimba wimbo wowote unaoujua, hadi mwili ukubali, ndipo ushike chombo.

Hatua ya nne: bluzi kwa solfa

Hapa mwenye historia ya kwaya ana mtaji ambao wanafunzi wa kwingineko hununua kwa taabu. Kama uliwahi kuimba kwa solfa, tayari una lugha ya kusikia kordi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, bila kujali ufunguo. Itumie.

Bluzi ya kawaida ina vipimo kumi na viwili, kila kimoja cha mapigo manne. Vinne vya kwanza viko kwenye kordi ya do. Cha tano na cha sita, kordi ya fa. Cha saba na cha nane, tunarudi do. Cha tisa ni so, cha kumi ni fa, na viwili vya mwisho ni do tena. Baadaye utakutana na mapambo mengi juu ya umbo hili, lakini lishike hivi kwanza.

Kordi ya do katika bluzi ni do, mi, so, ta, yaani ti iliyoshushwa nusu. Kordi ya fa ni fa, la, do, ma, yaani mi iliyoshushwa nusu. Sasa angalia kwa karibu kinachotokea kipimo cha tano kinapoingia: mi inashuka nusu noti kuwa ma, na ta inashuka nusu noti kuwa la. Mabadiliko yote ya kordi, ambayo vitabu huyaeleza kwa kurasa nyingi, yamo katika hatua hizo mbili ndogo. Msikilizaji hahitaji noti nyingine yoyote ili ajue kwamba wimbo umehama.

Majina ya noti za saksafoni hayalingani na ya kinanda, kwa hiyo bendi ikipiga bluzi kwenye F, do ya mpulizaji wa alto ni D na ya tenori ni G. Kwa alto basi, mi ni F shapu inayoshuka kuwa F, na ta ni C inayoshuka kuwa B. Fanya hivi:

1. Weka kordi za bluzi zichezwe na kinanda, gitaa au programu ya simu, kwa mwendo wa pole.
2. Imba mi ndefu katika vipimo vinne vya kwanza, ma katika viwili vinavyofuata, kisha mi tena. Zunguka mara nyingi.
3. Imba ta na la vivyo hivyo.
4. Puliza ulichoimba, bila kuongeza.
5. Kwenye kordi ya so tafuta ti na fa kwa sikio lako mwenyewe, kabla ya kuangalia popote.

Ukimaliza, hamia ufunguo mwingine. Solfa haibadiliki, vidole tu. Usikimbilie funguo zote kumi na mbili wiki moja. Bendi nyingi hupenda F na B flati, kwa hiyo anza na hizo, kisha C na E flati.

Hatua ya tano: kunakili kwa sikio

Jazi ilifundishwa hivi kabla hazijakuwapo shule zake, na bado hakuna njia inayoipita. Inasimuliwa kwamba mwaka 1936, kule Kansas City, kijana Charlie Parker, mpulizaji wa alto, alipanda jukwaani kupuliza na wakubwa, akapotea katikati ya wimbo, na mpiga ngoma Jo Jones akatupa sahani ya ngoma sakafuni kumwambia ashuke. Kiangazi cha mwaka uliofuata Parker alikwenda kupiga na bendi kwenye milima ya Ozarks, akabeba rekodi za Lester Young, akazinakili solo zake noti kwa noti. Aliporudi mjini hakuwa yule. Baadaye alieleza kwamba kwa miaka mitatu hadi minne alifanya mazoezi saa kumi na moja hadi kumi na tano kwa siku. Si kila mtu ana nafasi hiyo, lakini kitu alichokuwa akikifanya katika saa hizo kinaweza kufanywa hata kwa nusu saa.

Chagua solo fupi, iliyo wazi, unayoipenda kiasi cha kutaka kuisikia mara mia. Solo za Lester Young na bendi ya Count Basie zinafaa sana kwa sababu zinaimbika. Ukitaka bluzi, solo ya Parker mwenyewe kwenye "Now's the Time" ya mwaka 1945 iko kwenye F, ufunguo uleule ulioufanyia solfa. Usianze na solo ngumu za mpulizaji wa tenori John Coltrane za mwaka 1959. Utafika huko.

Siku za mwanzo usiguse chombo. Sikiliza ukipika, ukiwa kwenye daladala, ukifua. Kisha imba pamoja na rekodi. Kisha zima rekodi, uimbe peke yako. Usipoweza kuimba kifungu fulani, hujakisikia, hata kama unadhani umekisikia. Wanafunzi wengi huharibu hapa: wanaingia intaneti kutafuta noti zilizokwisha kuandikwa, wanazisoma, na wiki mbili baadaye hawakumbuki kitu. Noti uliyoitafuta mwenyewe kwa sikio hukaa miaka.

Ukishaimba, shika chombo utafute vipimo viwili au vinne tu. Punguza kasi ya rekodi hadi nusu au robo tatu. YouTube inaweza, na sauti haishuki. Usiridhike na noti. Sikiliza wapi ulimi umegusa, wapi noti imemezwa, wapi amechelewa nyuma ya pigo kwa makusudi, wapi amevuta pumzi. Jirekodi kwa simu, ucheze rekodi yako na yake moja baada ya nyingine. Masikio yatakuambia kilichobaki.

Kisha inakuja sehemu ambayo wengi hawaifiki, nayo ndiyo faida yenyewe. Toa kifungu kimoja kilichokugusa ukifanye chako. Chukua mfano huu mdogo niliouunda hapa kwa ajili ya maelezo: so, la, do, mi, re, do. Kipulize juu ya kordi ya do. Kordi ya fa ikija, geuza mi kuwa ma na uache mengine yalivyo. Ghafla kifungu kinalia. Sasa kianze pigo moja baadaye. Halafu ondoa do ya mwisho, ukiache kwenye re kana kwamba unauliza swali, na kwenye vipimo vinavyofuata ujibu. Halafu weka kimya katikati, baada ya do ya kwanza. Halafu kipeleke funguo nne. Ukifanya hivyo wiki nzima kwa kifungu kimoja, utakuwa na mali kubwa kuliko aliyekariri vifungu hamsini kutoka kwenye kitabu.

Hatua ya sita: kubuni kwa kidogo

Malenga akipewa mizani na vina hapungukiwi maneno. Mipaka ndiyo inayomchokonoa. Solo nayo iko hivyo. Jipe noti tatu tu, do, ma na so, na upulize mizunguko mitano ya bluzi bila kutoka nje yake. Mzunguko wa kwanza utaisha haraka. Wa pili utakuchosha. Kuanzia wa tatu utalazimika kutafuta mengine: urefu wa noti, ukimya, sauti kubwa na ndogo, noti iliyokwaruzwa, noti iliyovutwa kutoka chini.

Mfano mzuri ni mpulizaji wa tenori Sonny Rollins kwenye "St. Thomas" aliyoirekodi mwaka 1956. Solo yake inaanza na noti mbili tu, anazirudia, anazisogeza, anazigeuza, hadi msikilizaji anazisubiri mwenyewe. Nyimbo unayoisikia hapo ni ya visiwa vya Karibiani, na Rollins aliijua tangu utotoni kutoka kwa mama yake, aliyekuwa na asili ya Visiwa vya Virgin. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Kanuni moja ya lazima katika hatua hii: usipulize kifungu ambacho hungeweza kukiimba. Njia ya kujipima ni kuimba vipimo vinne, kuvipuliza vinne, kuimba vinne, kuvipuliza vinne. Kama sehemu ulizoimba ni tamu kuliko ulizopuliza, na kwa wengi huwa hivyo, basi umejua kwamba muziki unao, kilichobaki ni kuuhamisha kwenye vidole.

Hatua ya saba: nyimbo na maneno yake

Ukiacha bluzi, nyimbo nyingi za jazi zinajengwa kwa mwendo wa kordi tatu: ya re, ya so, kisha do. Kwa solfa, kordi ya re ni re, fa, la, do. Ya so ni so, ti, re, fa. Ya do ni do, mi, so, ti. Fuata uzi uleule wa nusu noti: do inashuka kuwa ti, kisha fa inashuka kuwa mi. Imba nyuzi hizo mbili hadi uzisikie ndani ya wimbo wowote unaopita redioni.

Jifunze wimbo mmoja kwa mwezi kwa moyo, bila karatasi: kwanza melodi, kisha noti za chini za besi ukiziimba, kisha nyuzi hizo. Kumi na mbili kwa mwaka si kidogo.

Wimbo wa pole ukiwa na maneno, jifunze maneno yake, na kama ni ya Kiingereza hakikisha umeelewa yanasema nini. Mpulizaji wa tenori Dexter Gordon alikuwa na desturi ya kuwasomea wasikilizaji maneno ya wimbo kabla hajaupuliza. Mpulizaji anayejua kwamba mstari huu ni wa mtu aliyeachwa hawezi kuujaza noti za mbwembwe. Anajua pumzi inavutwa wapi, kwa sababu anajua sentensi inaishia wapi.

Hatua ya nane: msukumo unatoka wapi

Niseme kwanza usikotoka. Kizazi cha baada ya Parker kilimwona bingwa aliyekuwa mtumwa wa heroini, na vijana wengi wakadhani siri iko kwenye sindano. Parker mwenyewe alikana jambo hilo waziwazi mwaka 1949, akisema mwanamuziki anayedai kupiga vizuri zaidi akiwa amelewa au ametumia dawa ni mwongo. Alifariki Machi 1955 akiwa na miaka 34. Rollins alikwenda kutibiwa akaacha. Coltrane aliacha mwaka 1957, na kazi zake zinazopendwa kuliko zote zilikuja baada ya hapo. Ukisikia mtu nyuma ya jukwaa akikwambia "vuta kidogo upate stimu ya solo", mwambie hapana.

Msukumo una vyanzo, na vyanzo vinatunzwa. Cha kwanza ni nyimbo za kwenu. Rollins alichota kwa mama yake. Huko Cape Town, mwaka 1974, mpiga piano Abdullah Ibrahim alirekodi "Mannenberg", na Basil Coetzee akapuliza tenori yenye harufu ya mitaa ya kwao hadi watu wakamwita kwa jina la wimbo huo. Kippie Moeketsi wa Johannesburg aliisoma alto ya Parker kwa undani, lakini hakuacha kusikika kama mtu wa Afrika Kusini. Wewe una wimbo wa harusi, wa kwaya, wa taarabu, wa jando, ambao unaujua bila kujua uliujifunza lini. Uchukue, uutafutie kordi, uupulize kwa swingi, kisha ubuni juu yake. Hakuna zoezi linaloleta furaha haraka kama hili.

Na usizidharau bendi zetu. Morogoro Jazz, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz, OK Jazz ya Franco kule Kinshasa: muziki wao ulikuwa dansi na rumba, tofauti na jazi ya Marekani, lakini mpulizaji anayejifunza ana mengi ya kuchuma. Msikilize Verckys Kiamuangana Mateta akiwa na OK Jazz miaka ya 1960. Angalia jinsi saksafoni inavyomsubiri mwimbaji amalize, inaweka kifungu kifupi, inaondoka. Mwanafunzi wa jazi anayejua kunyamaza namna hiyo atapendwa na kila bendi.

Chanzo cha pili ni muziki usio wako. Coltrane alisikiliza muziki wa India kwa makini hata akamwita mwanawe Ravi, jina la mpiga sitar wa India Ravi Shankar, na moja ya maonyesho yake ya mwisho, Aprili 1967, lilifanyika Harlem kwenye kituo cha utamaduni wa Afrika cha Mnaijeria Babatunde Olatunji. Mtu wa kiwango hicho alikuwa bado anatafuta. Sikiliza qanun ya Zanzibar, nyatiti ya Waluo, adhana inavyoviringika alfajiri, kisha jaribu kuiga mikunjo yake kwenye chombo.

Chanzo cha tatu ni upweke wa makusudi. Mwaka 1959 Sonny Rollins, akiwa tayari na jina kubwa, aliacha maonyesho, na kwa sababu hakutaka kuwasumbua majirani alikuwa akienda kupuliza juu ya daraja la Williamsburg mjini New York, mvua au jua, hadi mwaka 1961. Nyumba zetu nyingi zimebanana, na taulo lililoshindiliwa kwenye mdomo wa saksafoni halisaidii, kwa kuwa sauti hutoka kwenye matundu yote. Omba darasa la shule jioni, ukumbi wa kanisa siku ya kazi, au nenda ufukweni mbali na watu, ukikumbuka kufuta chumvi na mchanga ukirudi.

Siku ambayo hutaki hata kukiona chombo, usijilazimishe kupitia ratiba yote. Puliza sauti ndefu tano, imba solo moja unayoipenda, funga mkoba. Ukavu wa muda mrefu kwa kawaida unaonyesha kwamba umeacha kusikiliza, kwa hiyo rudi kwenye hatua ya tano utafute mpulizaji mpya wa kumpenda.

Ratiba ya saa moja

Dakika kumi na tano za sauti: kipulizio, noti ndefu, vidole vya B flati. Kumi za ufunguo mmoja wa wiki hiyo, kwa ulimi wa swingi na metronomu kwenye pigo la pili na la nne. Ishirini za kunakili. Kumi na tano za mwisho, puliza wimbo au bluzi na ubuni, ukijirekodi. Kama una nusu saa tu, acha ufunguo na kubuni, ubaki na dakika kumi za sauti na ishirini za kunakili.

Hatua ya tisa: kupanda jukwaani na wenzako

Usisubiri uwe tayari. Tafuta mpiga gitaa na mtu wa besi, mkutane kila wiki, hata kama mnajua bluzi moja. Programu ya simu haikusikilizi, binadamu anakusikiliza.

Ukialikwa kwenye bendi ya wakubwa, fika mapema, wasalimie, uliza ufunguo na mwendo kabla wimbo haujaanza. Kabla hujaingia, imba kifungu chako cha kwanza kimoyomoyo. Chukua mizunguko miwili, usizidi, ila kiongozi akikuashiria uendelee. Wa kwanza anza kwa uchache, uache nafasi mpiga ngoma akujibu, na akikujibu, mjibu. Ukipotea, nyamaza, sikiliza besi hadi do irudi, kisha uingie tena. Hakuna atakayekulaumu kwa ukimya wa vipimo vinne. Mwenzako akipuliza, simama pembeni na usimpulizie juu.

Jirekodi onyesho zima. Usilisikilize usiku huohuo, kwa sababu utakuwa mkali mno au mpole mno. Lisikilize baada ya siku mbili, ukiwa na kalamu, uandike mambo mawili tu: kifungu kimoja ulichokipenda, ukinakili kwa solfa na kukipeleka funguo nne kama ulivyofanya kwa Lester Young, na mahali pamoja ambapo vidole vilikimbia sikio likabaki nyuma. Hapo ndipo mazoezi ya wiki inayofuata yanapoanzia.